Krola ya 1/10 yenye dereva anayecheza: resiva inakata likiwa juu ya mwamba

Krola_Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Nina krola (gari la rimoti la kupanda mawe) ya skeli 1/10, fremu ya mabomba, haina bodi ya kuifunika, kwa hiyo dereva, mwanasesere aliyekaa ndani, anaonekana mwili mzima. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 313. Mota 540 ya brashi, 35T (mizunguko 35 ya waya). Betri LiPo 2S (seli mbili), servo ya usukani (mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) yenye nguvu ya kilo 25, tairi za inchi 1.9. Bila dereva gari lina kilo 2.5.

Dereva ana servo tatu za gramu 9: shingo, usukani mdogo alioushika, na kiuno ili aegemee upande gari linapolala. Zote, pamoja na resiva inayopokea amri za rimoti, zinakula BEC, yaani kishusha volti kilicho ndani ya ESC (kidhibiti cha mota), nimeiweka volti 6.

Sakafuni kila kitu safi. Kwenye jiwe, tairi ya mbele ikibanwa halafu nikate kona, dereva anaanza kutetemeka, kisha gari zima linakata mawasiliano na kurudi lenyewe. La pili, tangu dereva apande, linapinduka ovyo. Ana gramu 200, plastiki ya kuchapwa kwa printa ya 3D. Nianzie wapi?

Gia35T
Anza na umeme. Servo ya kilo 25 ikikwama inaweza kuvuta karibu ampea 3 peke yake. BEC nyingi za ESC za krola zinatoa ampea 2 au 3. Ongeza servo tatu ndogo, kila moja inakaribia ampea 0.7 ikizuiwa, na umeshapita uwezo. Volti zinaanguka, resiva inajizima, inawaka upya. Sakafuni huoni kwa sababu tairi zinageuka bila kubanwa.

Ufumbuzi: nunua UBEC (BEC ya kujitegemea, nje ya ESC) ya volti 5, ampea 3, uilehemu moja kwa moja kwenye waya za betri, iwalishe dereva tu. Kwenye servo za dereva chomoa waya mwekundu upande wa resiva, uupeleke UBEC. Waya wa signali ubaki kwenye resiva. Hasi ya UBEC lazima iungane na hasi ya resiva, la sivyo signali haina pa kurejea na servo zitacheza zinavyotaka.

FundiMawe
Nakubali chanzo, sikubali dawa. Mlaji mkubwa ni servo ya usukani, si dereva. Ukiwatoa wadogo ukamwacha mkubwa kwenye BEC ileile, siku tairi ikinasa sawasawa resiva itakata tena. Fanya kinyume: UBEC ya volti 6, ampea 5, iende kwa servo ya usukani. Dereva na resiva wabaki kwenye BEC ya ESC. Habari ya hasi ni kama alivyosema mkuu hapo juu, na waya mwekundu wa servo ya usukani usiguse resiva kabisa, maana vyanzo viwili vitaanza kusukumana.

Halafu chomeka kepasita (inaweka akiba ndogo ya umeme volti zikishuka) ya maikrofaradi 2200, volti 16, kwenye nafasi tupu ya resiva. Angalia hasi na chanya kabla hujachomeka, ikigeuzwa inapasuka. Na usithubutu kupandisha BEC hadi 7.4 ili usukani upate nguvu: hizo servo za gramu 9 ni za volti 4.8 hadi 6.

Krola_Uyole
Nimeelewa, nafuata ya FundiMawe. Na kupinduka je? Kiuno nimekifunga na Arduino Nano (kompyuta ndogo ya kupanga programu) na MPU6050 (kihisi cha mlalo), nilitegemea kuegemea kwake kulisawazishe gari.

Mnyalukolo_RC
Hapo piga hesabu kwanza. Tuseme uzito wa gari umekaa kimo cha sentimita 8 na wa dereva sentimita 16. Gramu 200 zinapandisha kitovu cha uzito kama milimita 6. Kwa krola hiyo ni nyingi, inatosha kukuangusha kwenye mteremko wa pembeni uliokuwa unapita. Akiwa na gramu 60, kinapanda milimita 2 tu.

Kuegemea kwake akiwa na gramu hizo 60, akisogea sentimita 3, kunahamisha kitovu chini ya milimita moja. Ni mapambo, mazuri sana, lakini mapambo. Ila hakikisha anaegemea upande wa juu. Alama ya pembe (chanya au hasi) ikigeuka kwenye programu ataegemea bondeni, na watazamaji watacheka kabla gari halijaanguka.

Kwa hiyo mpunguze. Kiwiliwili kichonge kwa soli ya ndala, kichwa tu kibaki cha plastiki, servo ya kiuno ishuke chini ya kiti. Fimbo ya kusukumia ni spoku ya baiskeli, ina milimita 2, ikunje Z mwishoni. Mikono usiifanye migumu: ukigundisha viganja kwenye usukani na viwiko havikunjiki, servo inapambana na mikono na kuvuta umeme bure. Viwiko weka vipande vya mpira wa valvu ya baiskeli.

Kisha weka risasi (ile metali nzito) ndani ya ringi za mbele, gramu 120 kila moja. Zinakaa chini, usawa wa ekseli, na kitovu kinarudi karibu sentimita 8 kama mwanzo. Nyuma usiweke kitu, mlimani unataka uzito mbele.

Gia35T
Kwenye Nano, usisome kipimo cha mchapuko (accelerometer) cha MPU6050 peke yake, mtikisiko wa gia utamfanya dereva atetemeke hata umeme ukiwa mzuri. Changanya na jairo (kipimo cha kasi ya kugeuka), jairo 0.98 kwa mchapuko 0.02, acha nyuzi 3 za katikati bila kujibu, mwisho wa kuegemea nyuzi 30. Shingo haihitaji chaneli yake kwenye resiva: tumia waya wa Y (unaogawa signali moja kwa servo mbili) kutoka signali ya usukani. Ikigeukia upande usiofaa, igeuze servo kichwa chini, waya wa Y hauna ujanja wa kugeuza.

FundiMawe
Pa kujaribia: mawe ya Gangilonga pale Iringa, graniti kavu, tairi laini zinashika vizuri. Isimila muache, zile nguzo ni udongo unaomomonyoka na ni eneo la zana za kale, si uwanja wa magari.

Na kwa baridi ya Juni na Julai huko kwenu, betri ikae mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya kufunga. LiPo ya baridi inaangusha volti mapema, ESC inakata kwenye 3.2 kwa seli, na utadhani tatizo la resiva limerudi. Pima volti za betri kabla hujafungua skrubu hata moja.