Tenochtitlan ilizidiwaje?

Wakuu, Mhispania Hernán Cortés alitua Meksiko mwaka 1519 na askari kama 500 tu. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki uliokuwa katikati ya ziwa, uliangukaje?

— Hao 500 wasikuhadae, mkuu. Watlaxcala, mahasimu wa Waazteki, walimpa maelfu ya wapiganaji. Merikebu ndogo 13 ziliundwa Tlaxcala, zikafumuliwa, wapagazi wakabeba vipande hadi Texcoco, mji wa kando ya ziwa. Zilipoelea, mitumbwi ya chakula ikakosa njia.

— Usisahau maji. Ziwa Texcoco lilikuwa na chumvi. Ya kunywa yaliletwa kwa mfereji kutoka chemchemi za kilima cha Chapultepec. Wahispania waliukata Mei 1521. Kwangu, hilo lilizidi mizinga.

— Na ndui ya 1520, iliyomuua mtawala wa Waazteki, Cuitláhuac. Mrithi wake, Cuauhtémoc, alikamatwa ndani ya mtumbwi Agosti 13, 1521.