Kazi za utafiti katika uhakiki wa programu Ujerumani: swali la anayekuja uzamili, na majibu

Kutoka: mwanajumuiya mpya, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi.

Nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa sayansi ya kompyuta Saarbrücken, na masomo yanaanza Oktoba. Ninalolipenda ni uhakiki wa programu, yaani kuthibitisha kwa njia ya hisabati kwamba programu itafanya ilichokusudiwa kufanya kwa kila ingizo, wala si kwa yale machache tuliyowahi kuyajaribu. Familia imejibana hadi kupata euro 11,904 za akaunti maalumu inayodaiwa na ubalozi, na kwa euro 992 zinazotolewa humo kila mwezi ninaona wazi kwamba sitaweza kukaa bila kazi. Rafiki aliyenitangulia amenishauri nikifika tu nitafute kazi ya ghala, kwa kuwa kazi za chuoni ni za wenyeji na wanaojua Kijerumani. Je, ni kweli? Na anayetaka kuendelea hadi uzamivu huanzia wapi?

Kutoka: dada yenu, Kaiserslautern

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana.

Uliyoambiwa si kweli, nami ninakuandikia kwa kirefu kwa sababu niliambiwa hayo hayo nikayaamini. Mwaka wangu wa kwanza niliumalizia kwenye ghala moja nje ya mji, nikipakia masanduku usiku na kusinzia darasani asubuhi, ilhali katika jengo lile lile nililosomea kulikuwa na kikundi cha utafiti kilichokuwa kikitafuta mwanafunzi wa saa kumi kwa wiki. Tangazo lilibandikwa mlangoni pao, kwa Kiingereza, nami nilipita mbele yake miezi kadhaa bila kusimama kulisoma, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba halinihusu. Mwaka ule bado unaniuma, na nisingependa uwe wako.

Kazi ninayoizungumzia hapa huitwa Hiwi, yaani mwanafunzi msaidizi wa kikundi cha utafiti au cha ufundishaji. Sheria inamruhusu mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Kabla ya Machi 2024 zilikuwa 120 na 240. Kila zamu ya ghala inakula siku hizo, lakini kazi ya Hiwi chuoni haihesabiwi humo. Malipo hayawezi kushuka chini ya kima cha chini cha nchi, ambacho tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa, na kwa hiyo mkataba wa saa 40 kwa mwezi unakupa walau euro 556. Ghala linaweza kukulipa zaidi kwa mwezi mmoja, ila halitakuandikia barua ya mapendekezo.

Unaweza kujiuliza ni nini hasa mwanafunzi anaweza kufanya katika fani inayosifika kwa ugumu. Chukua utafutaji wa nusu kwa nusu, ule wa kufungua orodha iliyopangwa katikati kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi. Mstari unaoandikwa na karibu kila mwanafunzi ni huu: kati = (chini + juu) / 2. Hauna kosa machoni. Lakini namba kamili ya biti 32 haiwezi kuzidi 2,147,483,647, na kama chini ni 1,500,000,000 na juu ni 2,000,000,000, jumla inapitiliza na kugeuka hasi, kisha programu inakwenda kutafuta kwenye nafasi ya -397,483,648, ambayo haipo. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza hadharani kwamba kosa hili lilikuwa limekaa kwa miaka ndani ya maktaba rasmi ya lugha ya Java, katika msimbo aliouandika yeye mwenyewe. Majaribio ya kawaida hayakuligundua kwa sababu hakuna aliyejaribu orodha kubwa kiasi hicho. Zana ya uhakiki haihitaji orodha hiyo: inauliza kama kuna thamani yoyote ya chini na juu inayoweza kuvunja sharti uliloliweka, kwa mfano kwamba jumla isipitilize, na ikiwepo inakuletea mfano pinzani wenye namba zake. Tiba ni kuandika chini + (juu - chini) / 2.

Sasa kazi ya Hiwi iko hapo hapo. Kikundi kina zana. Zana inaendeshwa usiku kucha juu ya maelfu ya programu ndogo za lugha ya C. Asubuhi kuna jedwali, na katika jedwali hilo kuna mistari ambapo zana imesema «salama» wakati jibu sahihi linajulikana kuwa «si salama». Mtu lazima aketi na mstari mmoja baada ya mwingine, aipunguze programu hadi ibaki mistari kumi yenye kosa lile lile, kisha atafute ni wapi zana imekosea. Wiki zangu tatu za kwanza zilikwenda kwenye hitilafu moja tu ya namna zana ilivyosoma ugawanyaji wa namba hasi. Profesa hakunisaidia kuitafuta, lakini alikaa nami saa nzima siku nilipoipata, na mazungumzo yale ndiyo yaliyokuja kuwa tasnifu yangu ya uzamili.

Kuhusu mahali, umebahatika. Taasisi ya Max Planck ya Mifumo ya Programu ina makao mawili, Saarbrücken na hapa Kaiserslautern, na lugha ya kazi humo ni Kiingereza. Ukitazama mbali zaidi, kila mji una zana yake: Freiburg wana Ultimate, Karlsruhe ni mojawapo ya makao ya KeY inayohakiki programu za Java, Aachen wana AProVE inayothibitisha kwamba programu itafika mwisho, na Munich wana CPAchecker katika chuo cha LMU na Isabelle katika chuo cha ufundi. Karibu zote ziko wazi kwenye intaneti, msimbo wake na kasoro zake, na unaweza kuzipakua leo ukiwa Dar es Salaam.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie, kabla hujapanda ndege. Chagua zana moja, isakinishe, ipe programu yako mwenyewe ya mistari ishirini, na uandike ilikoshindwa. Maprofesa hupokea barua nyingi zinazosema «nina shauku kubwa na utafiti wako», na nyingi hazijibiwi. Barua inayosema «nimeiendesha zana yenu juu ya programu hii, imetoa jibu hili, nami ninadhani sababu ni hii» inasomwa, hata kama sababu uliyoitaja si sahihi. Kijerumani jifunze kwa ajili ya duka, daktari na mwenye nyumba, lakini kisikuzuie kubisha hodi.

Kutoka: kaka yenu, Munich

Dada amesema yote ya msingi. Nina nyongeza mbili kuhusu Hiwi, kisha niingie kwenye uzamivu.

Kwanza, ni kweli Hiwi haihesabiwi katika zile siku 140, lakini bima za jamii zina kipimo chao tofauti: wakati wa masomo, kazi zako zote zikijumlishwa zisizidi saa 20 kwa wiki, la sivyo unaacha kuhesabiwa kuwa mwanafunzi na makato yanapanda. Pili, taja umri wako kwa uwazi unapojiandikisha. Bima ya afya ya serikali kwa bei ya wanafunzi inakoma mwishoni mwa muhula utakaotimizia miaka 30, na vijana wengi kutoka kwetu wanafika uzamili wakiwa na miaka 29 au 31 kwa sababu walifanya kazi kwanza. Wengine wamekimbilia bima binafsi ya bei nafuu bila kujua kwamba kurudi kwenye bima ya serikali baadaye ni vigumu mno ukiwa bado mwanafunzi.

Uzamivu hapa, katika fani yetu, kwa kawaida ni ajira. Hili watu wa nyumbani hulielewa kwa shida, kwa kuwa tumezoea kuuona uzamivu kama masomo yanayotafutiwa mfadhili. Nafasi za vyuo hutangazwa kwa daraja la 13 la jedwali la mishahara ya majimbo, TV-L, ambalo kwa mkataba kamili lilianzia zaidi ya euro 4,600 kwa mwezi kabla ya makato mwaka 2025. Soma tangazo kwa makini, maana «asilimia 75» au «asilimia 50» ikiandikwa inamaanisha sehemu hiyo ya mshahara, na si ajabu kazi ikabaki ile ile. Katika kompyuta mkataba kamili ni wa kawaida, kwa hiyo ukipewa nusu, uliza sababu kwa adabu kabla ya kusaini. Mwenye mkataba huo hahitaji ile akaunti maalumu inayodaiwa na ubalozi, bima yake inakatwa kwenye mshahara bila kujali umri, na anachangia pensheni. Akiondoka Umoja wa Ulaya moja kwa moja anaweza, baada ya miezi 24, kuomba arudishiwe sehemu aliyokatwa yeye.

Sheria ya mikataba ya muda ya wanasayansi inaruhusu miaka isiyozidi sita kabla ya kupata shahada ya uzamivu, na miezi ya Hiwi kabla ya kumaliza uzamili haiingii humo. Usiogope kwamba kuanza mapema kutakumalizia muda.

Jambo moja zaidi: programu za uzamivu za Max Planck katika kompyuta hupokea hata wenye shahada ya kwanza. Aliyemaliza Dodoma au Nairobi na ana mwalimu anayeweza kuandika juu ya kazi yake kwa undani anaweza kuomba moja kwa moja. Nilipokuwa chuo nyumbani hakuna aliyeniambia hivyo, na ninawaomba wazazi na walimu mliomo humu mlifikishe huko.

Kutoka: mwanajumuiya mpya, Dar es Salaam

Nimewasoma mara mbili, ahsanteni mno. Kwa muda wa siku nne nimeisakinisha CPAchecker, nikaandika kwa C utafutaji ule wa dada, wenye kosa, na mwanzoni ikasema programu ni salama. Nilidhani zana imekosea. Baadaye nikagundua kwamba niliiomba ihakiki tu kwamba programu haifiki kwenye mstari fulani wa kosa, wala sikuiomba iangalie kupitiliza kwa namba. Nilipoongeza sharti lenyewe kwenye msimbo ikaniletea mfano pinzani. Je, hadithi hiyo ni ndogo mno kuiweka kwenye barua, na niiandike sasa au nisubiri nikifika?

Kutoka: dada yenu, Kaiserslautern

Iweke vivyo hivyo ulivyotuandikia, pamoja na pale ulipodhani zana imekosea, kwa sababu kutofautisha swali lililoulizwa na swali lililokusudiwa ndilo jambo la kwanza tunalomfundisha kila Hiwi. Andika aya mbili, ambatisha programu na orodha ya alama zako za shahada ya kwanza, taja mwezi utakaofika na saa ngapi kwa wiki unazoweza. Itume mapema Septemba, maana wengi huwa likizo Agosti. Ukikaa wiki mbili bila jibu, kumbusha mara moja, kisha andikia kikundi kingine. Nitumie rasimu kabla hujaituma, nami nitaisoma jioni hiyo hiyo.