Mjadala: Je, Chiefs walikosea kumgeuza Joe Thuney kuwa kiraka?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Hoja hii ni ya wafuatiliaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, lakini wa soka msikimbie, maana habari za kikosi kipana mnazijua kuliko mtu yeyote.

Tarehe 9 Februari 2025 Philadelphia Eagles waliipiga Kansas City Chiefs 40-22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, New Orleans. Kwetu Dar mchezo ulianza saa nane na nusu usiku, na kufika mapumziko nilikuwa nimeshatamani kwenda kulala: 24-0, na Chiefs wote kwa pamoja wamesogeza mpira yadi 23 tu. Patrick Mahomes, kwotabeki wao, yaani mrusha mpira, aliangushwa na mpira mkononi mara 6. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba Eagles walimkimbilia kwa watu wao wanne wa mbele tu, hawakuhitaji kuongeza wa tano. Wazuiaji watano wanashindwa na wanne!

Kila nikibishana na wenzangu naambiwa "mstari wao wa wazuiaji mbovu, basi". Siyo kweli. Msimu ule senta Creed Humphrey alichaguliwa kikosi bora cha ligi nzima, na Thuney naye, kwenye nafasi ya gadi wa kushoto. Gadi wa kulia, Trey Smith, ni mtu wa kazi kwelikweli. Sasa mstari wenye watu kama hao unavunjikaje?

Kwa asiyejua mpangilio: senta yuko katikati, gadi mmoja kila upande wake, kisha teko mmoja kila pembeni. Gadi ana jirani kushoto na kulia, na adui yake kwa kawaida yuko karibu, wanakamatana palepale. Teko yuko pembeni, upande mmoja hana mtu. Mpira ukianzishwa, mtazameni miguu teko wa kushoto: anarudi nyuma kwa mguu wa kushoto, hatua fupi fupi, nyonga chini, mikono tayari, huku mtu mwenye mbio anazunguka kwa nje. Akigeuza nyonga mapema, adui anakata ndani. Akichelewa, adui ameshampita. Na anayelindwa hapo ni mgongo wa kwotabeki, kwa sababu anayerusha kwa mkono wa kulia hauoni upande ule.

Chiefs walianza msimu wa 2024 na kijana Kingsley Suamataia kwenye nafasi hiyo. Mchezo wa pili tu, Trey Hendrickson wa Cincinnati alimtesa hadi akatolewa. Akaja Wanya Morris, naye akayumba. Mwishoni mwa Novemba wakamsajili D.J. Humphries, akaumia msuli wa paja kwenye mchezo wake wa kwanza. Ndipo Thuney akahamishwa kutoka ugadi kwenda kuwa teko, na ugadi akapewa Mike Caliendo, aliyeingia ligi bila kuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, ule mgao wa vijana wapya wa kila mwaka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Walikuwa na shimo moja. Baada ya kuhama kwa Thuney wakawa na nafasi mbili dhaifu, na gadi wao bora hawanaye tena.

Na haikuwa mara ya kwanza! Rudini Super Bowl ya Februari 2021, Tampa Bay 31, Chiefs 9. Mitchell Schwartz, teko wa kulia, alikuwa nje kwa mgongo tangu katikati ya msimu, na Mike Remmers alikuwa ameizoea nafasi yake. Kwenye fainali ya AFC, nusu ya ligi ambayo bingwa wake huenda Super Bowl, Eric Fisher, teko wa kushoto, akapasuka mshipa wa kisigino. Ameumia mtu mmoja, zimebadilika nafasi tatu: Remmers akavushwa kutoka kulia kwenda kushoto, Andrew Wylie akatolewa ugadi kwenda kuwa teko wa kulia, Stefen Wisniewski akaingia kwenye ugadi wa Wylie. Mahomes alikimbizwa usiku kucha. Kuna mpira aliurusha akiwa amelala hewani kabisa, mwili sambamba na nyasi, ukaruka mpaka ukampiga Darrel Williams kwenye kofia, usoni. Ule ulikuwa mrusho wa ajabu, na ulipotea bure.

Naomba mnijibu: makocha walikosea, au hawakuwa na njia nyingine?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umewaonea. Thuney hakuokotwa. Chuoni, North Carolina State, msimu wake wa mwisho alicheza teko wa kushoto. Alipohamishwa Desemba, Chiefs wakaifunga Houston, wakaipiga Pittsburgh 29-10 siku ya Krismasi, wakaitoa Buffalo 32-29 kwenye fainali ya AFC. Mbona hukusema walikosea siku hizo?

Halafu angalia hesabu. Kikosi ni watu 53. Siku ya mchezo unaruhusiwa kuvalisha 48, mradi angalau wanane kati yao wawe wa mstari. Ukipunguza hapo unashuka mpaka 47. Watano wanaanza, wanabaki watatu. Hao watatu wanatakiwa wazibe nafasi tano, kwa hiyo ukiraka umo ndani ya sheria zenyewe. Na teko mzuri wa kushoto hakai nyumbani Novemba akisubiri simu. Mwenye naye anamlipa mamilioni, na kikomo cha mishahara ni kilekile kwa kila timu. Mimi natazama mchezo huu kutoka hapa hapa Missouri, na siku ile niliumia kuliko wewe, lakini siwezi kumlaumu kocha kwa kukosa mtu ambaye sokoni hayupo.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnaitazama timu iliyofungwa. Mtazameni aliyeshinda. Wiki mbili kabla ya Super Bowl, Eagles walicheza na Washington huku senta wao, Cam Jurgens, akiwa na mgongo mbovu. Wakamsogeza Landon Dickerson kutoka ugadi kuwa senta, Tyler Steen akaingia ugadi. Dickerson naye akaumia goti, Jurgens akaingia hivyo hivyo na mgongo wake. Wakashinda 55-23. Mleta mada, huo si ukiraka uleule?

Tofauti naiona kwenye mafunzo. Jordan Mailata alitoka Australia, kwenye raga, hajawahi kucheza mchezo huu hata siku moja. Wakamchukua namba 233 kwenye drafti ya 2018, na misimu miwili mizima hakugusa mchezo wa ligi. Kocha wa mstari, Jeff Stoutland, akakaa naye. Mekhi Becton alikuja 2024 akiwa teko aliyeshindikana kwa timu ya Jets, wakamfanya gadi, akavaa pete ya ubingwa. Chiefs wanachagua vijana na kuwaingiza motoni wiki ya kwanza. Mtoto haoti meno kwa kuvutwa ufizi.

Mleta mada

Nimewasoma, na mchangiaji wa kwanza kanibana kweli. Chuoni Thuney alicheza teko, nilipaswa kulisema mwenyewe. Ila mkuu, kuna sababu alipofika ligi kubwa alipelekwa ndani: mikono yake ina inchi 32 na kidogo, na wapimaji wengi wanataka teko mwenye 33 au 34. Akisimama gadi, akili na miguu vinamfidia. Huku pembeni, inchi moja ndiyo inayoamua nani anamshika mwenzake kwanza. Dhidi ya Buffalo alihimili, nakubali. Eagles walikuwa na watu wa kupokezana dhidi yake mpaka mwisho.

Kuhusu Dickerson, yeye alikuwa senta pale Alabama, na aliporudi katikati alikuwa na jirani kila upande. Ndiyo maana sisemi ukiraka ni kosa. Nasema ukimhamisha mtu, umpime upya kwenye kile kiti kipya, kisha umpime na anayekalia kiti alichoacha. Chiefs, kwa ninavyoona, walipima nusu ya kwanza tu.

Na tazameni walichokifanya baadaye. Suamataia wakamhamishia ugadi wa kushoto, na 2025 akaanza pale na kutulia. Yule tuliyemwita mbovu alikuwa amekalia kiti kisicho chake! Thuney wakampeleka Chicago kwa nafasi ya raundi ya nne ya drafti ya 2026. Wakamsajili Jaylon Moore kwa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 30, kisha kwenye drafti wakamchagua Josh Simmons namba 32 ingawa goti lake lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji.

Kwa hiyo mchangiaji wa kwanza, wewe uliye karibu nao, niambie: kati ya wale watatu wa akiba wanaovaa siku ya mchezo, yupi ungemwamini aingie pembeni kushoto robo ya nne, bila kumgusa mwingine yeyote kwenye mstari?