Naogopa kupandisha bei ya ushonaji

Wakuu, nashona magauni ya vitenge hapa Mwanza, 15,000 kwa gauni, bei ileile tangu 2019. Kazi zimejaa mpaka usiku, lakini kodi ya fremu ikifika nakopa. Nikipandisha, wateja si watakimbia?

Jibu: Pole dada. Mimi nilizinduka nilipoandika kila kitu daftarini: uzi, zipu, bitana, umeme, nauli ya kufuata vifaa. Gauni moja lilikuwa linaniachia 4,000 kwa saa sita za kazi! Nikaanza bei mpya kwa wateja wapya. Wa zamani niliwapa mwezi mmoja. Wawili tu waliondoka.

Jibu: Na ujilipe mshahara, mpendwa. Hela ya fremu isinunue unga.

Muulizaji: Asanteni sana. Umeme sikuwahi kuuhesabu kabisa. Kesho naanza na 20,000.