MREJESHO: Mayai ya kasa, Maziwe hadi Ushongo

Niliuliza kwa nini mayai ya kasa wanayohamisha wageni wa kujitolea kutoka kisiwa cha Maziwe kwenda Ushongo, Pangani, yanaharibika. Ahsanteni wakuu, sababu ni kugeuzwa. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishika kwenye ganda upande wa juu. Ukiligeuza yai kinakufa. Basi hamisheni mapema, juu ibaki juu, ndoo itandikwe mchanga wenye unyevu. Shimo la kuyafukia huko Ushongo liwe na umbo la mtungi, kina kama sentimita 60, juu ya mstari wa bamvua (maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida). Kuyaacha kisiwani si huruma hata kidogo: bamvua huizamisha Maziwe. Mchanga ukiwa wa moto mno huzaliwa majike watupu, hivyo wekeni kivuli cha makuti.