Aiskrimu ya karameli yenye chumvi imenigomea, naomba ushauri

Habarini wapendwa. Naombeni msaada, maana sukari inakwisha na watoto wameanza kunicheka.

Wiki hii nimejaribu mara mbili kutengeneza aiskrimu ya karameli yenye chumvi, bila mashine. Nayeyusha sukari gramu 300 kwenye sufuria kavu hadi iwe na rangi ya chai ya rangi, natia siagi, kisha krimu mililita 300. Hapo ndipo kizaazaa: krimu ikigusa tu, sukari inafoka, mvuke wote usoni, halafu inashikana mabonge magumu kama kashata. Krimu nilikuwa nimeitoa friji muda uleule. Je, niipashe moto kwanza?

Mara ya pili niliyarudisha mabonge motoni yakayeyuka, nikapika na viini vinne na maziwa nusu lita, nikaonja, nikaongeza chumvi kijiko kizima cha chai. Ladha, acha tu! Lakini imelala kwenye friza usiku kucha na asubuhi bado uji. Najua sukari na chumvi zote huchelewesha kuganda, ila sijui nipunguze ipi. Nikigusa sukari naogopa ule uchungu mtamu wa karameli utapotea, na ndio ninaoutaka.

Kuna aliyeniambia niitoe kila nusu saa niivuruge kwa uma. Mnafanya hivyo kweli, au mnaisaga kwa blenda ikishaganda nusu? Friza yangu ni ile ndogo ya juu ya friji, na umeme wetu mnaujua.