Trauti anagusa chambo kisha anaachia, bwawani Mufindi

Wakuu, navua trauti kwa chambo cha manyoya (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu), fimbo namba 5 (namba ya uzito wa mshipi inaoutupa), mshipi unaoelea. Alfajiri wanakula juu, jua likipanda kimya. Wachache wanaogusa wanaachia. Tatizo nini?

— Mkuu, trauti ni samaki wa maji ya baridi. Juu pakipata joto anashuka, mfuate huko. Mshipi huohuo unatosha: refusha uzi mwembamba wa mbele ufike mita 4, funga chambo chenye uzito kidogo, ndoana namba 12. Tupa, hesabu hadi 20 kizame, kisha vuta sentimita 10 kwa mara, polepole sana. Kimya? Hesabu 30. Wengi wanavuta mapema mno.

— Kuachia kunatokana na ncha ya fimbo kuwa juu: mshipi unalegea, samaki anatema kabla hujahisi. Ishushe iguse maji, ielekee chambo. Jaribu pia ndoana kwenye ukucha. Ikiteleza bila kukwaruza, inoe.

— Na samaki aitwaye besi je, mbinu ni hiyohiyo?

— Hapana. Besi anapenda vuguvugu na maficho: matete, magogo. Uzi wa kilo 5, chambo kikubwa kinachoelea. Kikitua, kiache mpaka viwimbi viishe ndipo ukitikise.